Pingili ya Tatu

Jumatatu, Machi 3

Daftari hili lilikuwa la Baba. Kurasa sita za mwanzo ameandika magonjwa ya saa alizotengeneza: "inachelewa dakika nne kwa siku", "inasimama ikilazwa chali", "haina kitu, mwenyewe anasahau kuijaza". Alipoacha ufundi saa akanipa kurasa zilizobaki. Nimeamua kuzijaza msimu huu wa mvua kwa sababu leo nimepata mbawakavu wangu.

Yumo ndani ya kipande cha kaharabu kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Fundi alikikuta kwenye sanduku ambalo makumbusho yetu yaliletewa zamani na hakuna aliyewahi kuligusa. Alikisugua kwa msasa laini mpaka kikaangaza, akakitazama, akaniletea kwenye kiganja. Huyu Fundi ndiye anayetusagia kaharabu, na jina tulilompa ni Fundi Taratibu. Akikwambia "nakuja sasa hivi", tafuta kiti.

Nilikiweka chini ya hadubini. Utomvu ulidondoka kwenye mti zaidi ya miaka milioni arobaini iliyopita, ukamfunika mdudu, ukaganda, ukawa kama jiwe. Hayo nayajua tangu chuoni na nimewafundisha wengine. Lakini leo niliinama pale nikasahau kama nina miguu. Mwanga wote ulikuwa rangi ya asali na yeye katikati, mdogo kuliko punje ya mchele, mguu mmoja umetangulia, kama mtu aliyesimama mlangoni akijaribu kukumbuka alichosahau ndani. Nje mvua ilikuwa inanyesha na mimi nilikuwa naisikia kama inanyesha kwake.

Kisha nikahesabu pingili za kipapasio. "Fundi, ana kumi," nikasema. "Mbawakavu wengi wana kumi na moja."

Fundi aliangalia dirisha. "Hesabu tena," akasema.

Jumanne, Machi 4

Nimehesabu tena. Cha kushoto kumi, cha kulia kumi.

Alhamisi, Machi 6

Alhamisi ni siku ya Mwalimu. Mama huyu alistaafu miaka tisa iliyopita lakini kila Alhamisi huja, hukaa kiti kile kile karibu na rafu, na kutuuliza maswali mpaka tutokwe jasho. Presha ya macho imemla uoni kidogo kidogo. Mwaka jana alikuwa bado anaiona sura yangu akinisogelea. Sasa anaona dirisha tu, na anasema hata hilo linazidi kuwa dogo.

Kila ninachokijua kuhusu wadudu wa kwenye kaharabu nimekipata kwake. Miaka thelathini na moja iliyopita alimwandikia maelezo na kumpa jina mbawakavu mmoja, wa kwanza wa jamii yake, na mchoro aliouchora kwa mkono umetundikwa kwenye korido yetu. Ni mchoro mzuri mno. Wageni husimama pale zaidi kuliko mahali pengine popote. Sisi wenyewe tukitaka kumlinganisha mdudu na wake, hatufungui kabati. Tunakwenda koridoni kuutazama.

"Nimempata ndugu wa mdudu wako, Mwalimu," nilimwambia. "Wako ana pingili kumi na moja, wangu kumi."

Alinyoosha mkono nikampa kipande. Alikishika mpaka kikapata joto la mkono wake.

"Umehesabu na nani?"

"Peke yangu."

"Basi hujahesabu, mwanangu."

Hiyo ni sheria yake. Wanahesabu watu wawili, kutoka nchani kwenda shinani, halafu kutoka shinani kwenda nchani. Kila mmoja anaandika namba yake kwenye karatasi na kuifunika. Zikifunuliwa zikafanana, ndipo namba inaingia kwenye maelezo. Nje ya hapo ni soga.

Jumatatu, Machi 10

Mvua. Chai imepoa mara tatu nikiwa nimeinama.

Jumatano, Machi 12

Tumehesabu na Fundi. Niliandika kumi nikafunika. Yeye alichukua muda ambao hata kwa Fundi Taratibu ulikuwa mrefu. Tulipofunua alikuwa ameandika kumi, kwa tarakimu kubwa, ameikandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, Machi 20

Nimemsomea Mwalimu maelezo niliyoandika mpaka sasa: urefu, vitundu vya kwenye mbawa, upana wa shingo. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza aliniambia nimsomee tena kile kipengele cha mbawa, si kwa sababu kuna kosa, ila anataka kukaa nacho.

"Nilikuwa nasubiri hili," alisema. "Nilijua yule wangu hakuwa peke yake kwenye mti."

Nitampa mdudu jina la Mwalimu. Sijamwambia. Nina miaka thelathini na sita na sijawahi kuelezea spishi hata moja. Nimekuwa nikipima wadudu wa watu wengine. Nataka hili liishe kabla dirisha halijazimika machoni mwake.

Jumanne, Machi 25

Mchana nilisinzia juu ya meza. Nikaota ninatembea msituni na kila kitu ni rangi ya kaharabu, na utomvu unadondoka polepole sana, tone moja kwa saa nzima. Mbawakavu wangu alikuwa mkubwa sawa na mimi. Alinisubiri nimfikie ili anipapase uso. Niliamka nikiwa na alama ya rula shavuni.

Nilipomsimulia Baba alisema, "Mende akupapase uso na wewe unafurahi."

"Si mende, Baba. Ni mbawakavu."

"Haya."

Jumatatu, Machi 31

Dari la chumba cha makabati linavuja. Tumeshinda tukihamisha droo zote kuja maabara, mimi, Fundi na ndoo nne. Droo ya Mwalimu iko mezani kwangu sasa hivi ninapoandika. Sijawahi kuiona kwa karibu. Ndani ya kimkebe, juu ya pamba iliyogeuka manjano, kuna kile kipande chenyewe ambacho jina la spishi limefungwa nacho. Kesho nitakipiga picha nzuri niziweke pamoja na zangu.

Jumanne, Aprili 1

Ana kumi.

Nimehesabu mara tisa. Mbawakavu wa Mwalimu, aliyechorwa koridoni akiwa na pingili kumi na moja, ana kumi.

Kuna ufa mwembamba ndani ya kaharabu, unaopita juu ya pingili ya tatu ya kipapasio kile kinachoonekana vizuri. Ukimtazama kwa juu, ufa huo unaonekana kabisa kama kiungo, na pingili moja inakuwa mbili. Ukikiinamisha kipande kidogo tu, ufa unahama na pingili inabaki nzima. Kipapasio cha pili kimejikunja chini ya kichwa. Ukikipata kwa pembeni, nacho kina kumi.

Maana yake ni hii, niiandike ili nisijidanganye. Tofauti pekee niliyokuwa nayo kati ya wangu na wake haipo. Wangu si spishi mpya. Na Mwalimu alikosea kwenye mchoro ambao watu wameutegemea kwa miaka thelathini na moja.

Niliufunga mkebe nikaenda kumwaga maji ya ndoo, ingawa hazikuwa zimejaa.

Jumatano, Aprili 2

Leo nilimwita Fundi aangalie. Hakuinama kwenye hadubini. Alivuta kiti akakaa, mikono magotini.

"Ni kumi," alisema. "Siku zote zilikuwa kumi."

Nikaiachia hadubini, nikamgeukia.

"Ilikuwa wiki yangu ya kwanza hapa, binti yangu. Mwalimu akaniita nihesabu naye. Nikahesabu kumi, kwenda na kurudi. Wakati wa kuandika, nikamwangalia mkono. Mtu akiandika kumi, kalamu inashuka, halafu inazunguka. Ya kwake ilishuka, ikashuka tena."

"Ukaandika kumi na moja."

"Mimi nilikuwa natoka kusaga sakafu za watu. Zege, unga mpaka kwenye masikio. Yeye amesoma mpaka nje. Ningesema nini? Nikajua macho yangu ndiyo mabaya." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Baada ya mwezi nikajua si mabaya. Lakini mchoro ulikuwa umeshatundikwa."

Maji yalikuwa yanagonga ndoo. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Anapita chini ya mchoro ule kila asubuhi kwenda kufungua mlango wake wa kazi.

"Usimwambie," alisema mwishowe. "Macho yameisha, mwache abaki na kazi yake. Na wewe peleka maelezo ya wa kwako. Kumi kwa kumi na moja. Nani atakuja kufungua mkebe ule?"

Hakuna. Hilo ndilo linaloniuma. Ninajua kabisa kwamba hakuna.

Alhamisi, Aprili 3

Mwalimu alikuja. Aliuliza tumefika wapi. Nikasema mvua imetuchelewesha.

Jumatatu, Aprili 7

Mvua.

Jumatano, Aprili 9

Mvua. Nimeandika kwenye maelezo: "Hutofautiana na ndugu yake kwa kuwa na pingili kumi badala ya kumi na moja." Nimeisoma sentensi hiyo kwa sauti. Ni sentensi safi. Nimeifuta. Nimeirudisha.

Alhamisi, Aprili 10

Mwalimu amekuja na kasha lake la penseli za kuchorea, zote zimechongwa, akaniwekea mezani. "Mimi sina kazi nazo tena. Mchore wako kwa hizi."

Alipoondoka nililia, na sioni haya kuandika hivyo. Nampenda mama huyu. Halafu nikagundua kwamba nilikuwa najililia mwenyewe pia, mbawakavu wangu, na jina langu ambalo lingeandikwa mwishoni mwa jina lake, kama la kila anayeelezea spishi. Sikujua vilikuwa vilio viwili mpaka nilipojaribu kunyamaza.

Jumamosi, Aprili 12

Nimekata shauri. Atajua, na atajua kwa sheria yake mwenyewe. Nitampa ahesabu.

Hawezi kuona, lakini vidole anavyo. Nilichapisha picha za vipapasio vyote viwili, wake na wangu, kila kimoja kirefu kama mkono wangu, nikampelekea Baba sebuleni.

"Nitengenezee hivi, Baba. Kwa shaba. Kila pingili ushanga wake, kwenye waya."

Alivaa miwani yake ya kazi, ambayo hajaivaa tangu afunge duka. "Mkufu wa nani huu?"

"Kipapasio cha mdudu."

"Na watu wakiniuliza unafanya kazi gani, niwaambie nini?"

Lakini alishaanza kutafuta tupa.

Jumapili, Aprili 20

Baba anapiga tupa kutwa. Anapima picha kwa kipimo chake cha kuteleza, anakata, anapima tena, anatupa, anaanza upya. Nilimwambia si lazima afike huko, ni ushanga wa kuhesabu tu. Hata hakuinua kichwa. "Umenipa picha. Mimi nafuata picha."

Mvua imepungua. Inaanza na kuacha, inaanza na kuacha.

Alhamisi, Aprili 24

Nitaandika polepole kwa sababu nataka kuikumbuka siku hii ilivyokwenda.

Baba alikuja na mimi. Alisema kazi yake haikabidhiwi na mtu mwingine. Fundi alipoona vile vipapasio vya shaba kwenye kitambaa alielewa papo hapo. Nilidhani atatoka. Alibaki amesimama mlangoni na aproni yake.

Nilimkalisha Mwalimu mezani, nikamwekea kile cha kwanza mikononi. "Huyu ni wangu."

Alikipitia kutoka nchani, ushanga kwa ushanga, kisha akarudi kutoka shinani. Aliomba karatasi na kalamu, akaandika, akaifunika. Uso wake ulikuwa umechangamka. Sijamwona hivyo tangu mwaka jana.

"Na hiki," nikasema. 

Alikihesabu. Alikihesabu tena. Mara ya tatu alikwenda taratibu sana, akasimama kwenye ushanga wa tatu, akaendelea mpaka mwisho. Akaandika, lakini safari hii hakufunika karatasi.

"Kumi," alisema. "Hiki ni cha nani?"

"Ni cha kwako, Mwalimu."

Ni sehemu moja tu ya dari iliyokuwa bado inadondosha maji kwenye ndoo. Nikayahesabu matone mpaka saba.

"Ufa," alisema. "Kulikuwa na ufa. Niliuona pembeni, sikuufuata mpaka mwisho." Halafu akageuza uso, si kwangu, mlangoni, ingawa hakuwa ameambiwa kwamba kuna mtu. "Fundi. Uliandika ngapi siku ile?"

"Kumi na moja, Mwalimu."

"Sikuulizi tena hilo. Ulihesabu ngapi?"

Fundi alivua kofia. "Kumi."

"Miaka thelathini na moja," Mwalimu alisema. "Ungeniambia ningekununia wiki moja tu."

Fundi aliegemea mlango, kofia mkononi. Baba, ambaye alikuwa hamjui hata mmoja wao kabla ya asubuhi hiyo, alimsogezea kiti.

Nikaona nimalize kabla sijaishiwa nguvu. "Kwa hiyo wangu si mpya. Wote wana kumi. Ni wa kwako, nitaandika hivyo, na maelezo yangu nitayafuta."

Mwalimu hakuwa ananisikiliza. Alikuwa na kipapasio kimoja kila mkono, anasugua ushanga ule ule wa tatu kwa vidole gumba vyote viwili.

"Nani katengeneza hivi?"

"Baba yangu. Ni fundi saa."

"Baba," alimwita, "huwa unakosea?"

"Kwa maneno, sana," Baba akasema. "Kwa tupa, hapana."

"Basi hawa si mdudu mmoja. Shika hapa, mwanangu. Fumba macho."

Nilifumba. Kwenye kile cha kwake ushanga wa tatu ulikuwa mrefu, mrefu sawa na wa pili na wa nne ukiziunganisha. Kwenye changu ulikuwa mfupi, hauna tofauti na wenzake. Nilivishika nikabadilisha mikono, nikavishika tena. Wiki tatu nimewatazama wale wadudu wawili kila siku, na nilikuwa nahesabu tu. Sikuwa nimepima hata kitu kimoja kwenye mkebe wake baada ya kuona namba kumi.

"Ndiyo maana nilidanganyika," Mwalimu alisema, na alikuwa karibu kucheka. "Pingili ndefu namna hiyo, ufa ukipita katikati, unapata mbili za kawaida. Ingekuwa fupi kama ya kwako nisingekosea."

Nilikimbilia hadubini, nikampima wake, nikampima wangu, kushoto na kulia. Baba alikuwa amefuata picha. Fundi naye akapima, akaandika, akafunika, na mimi sikumwangalia mkono. Tulifunua. Namba zilifanana.

Ni mpya. Mbawakavu wangu ni mpya, ila kwa sababu nyingine.

Ijumaa, Aprili 25

Nimelala kwa saa kumi na moja. Hakuna nililoota.

Jumatatu, Mei 5

Maelezo yamekwenda kuchapishwa. Humo nimeandika pia kosa la zamani lilivyotokea, na Mwalimu ndiye aliyenitamkia sentensi hizo neno kwa neno, bila kujionea huruma. Jina lake alikataa. "Mimi ninaye wangu, tena sasa ndiyo najua ana pingili ngapi." Akataka mdudu apewe jina la Baba. Baba akasema ametengeneza saa maisha yake yote na hakuna hata moja iliyoitwa jina lake, leo aitwe mende? Nikamwambia si mende. Mwishowe nimemwita kwa neno la kizamani lenye maana ya vidole, na kila mmoja anaamini ni vya kwake.

Alhamisi, Mei 8

Leo hakuna mvua. Dari limekauka na kuacha alama ya kahawia yenye kingo.

Nilidhani Mwalimu atataka mchoro utolewe koridoni. Alisema ubaki, ila ushushwe kidogo na utolewe kioo. Fundi aliuweka mezani. Mwalimu akaomba kalamu ya wino. Fundi alimshika kifundo cha mkono, akamwonyesha mahali pa kuanzia, chini ya saini yake ya zamani, akamwachia. Mstari ulipanda juu kidogo ukielekea mwisho, lakini unasomeka: "Ni kumi. Ya tatu ni ndefu. Nilikosea kuhesabu."

Akainua kalamu hewani, akaishikilia hapo. "Na wewe, Fundi. Ulichohesabu."

Fundi alifuta mikono kwenye aproni, kwanza viganja, halafu kidole kimoja kimoja. Hakuna aliyemharakisha. Aliinama juu ya mchoro ambao amepita chini yake miaka yote ile, na mimi, nikijua si adabu, nilimwangalia mkono. Kalamu ilishuka, halafu ikazunguka.